Taa mpya kwenye gari la zamani: anayekufuata anasoma nini?

Wiki chache zilizopita waliletwa mbele yetu watu wawili waliokuwa wakipingana vikali, na baada ya uchunguzi tukabaini kwamba wote wawili walikuwa wakisema kweli. Wa kwanza ni mkazi wa Kinanira, mtaa ulio kusini mwa Bujumbura jirani na Musaga, mwenye Land Cruiser 100 iliyotengenezwa mwaka 1999. Wa pili ni kijana wa upande wa milimani, ambaye kazi yake ni kushusha makaa mjini kwa baiskeli. Jioni moja, giza likianza kuingia, wote walikuwa wakiteremka barabara ya Taifa namba 7 kuelekea Musaga. Gari lilikuwa mbele. Watoto wakavuka ghafla, dereva akapunguza mwendo, na baiskeli iliyokuwa nyuma yake haikupunguza. Kijana akavunjika mtulinga, magunia yake mawili yakapasuka na makaa yakatapakaa barabarani.

"Mimi nilikanyaga breki," alisema mwenye gari, "na taa zangu ni mpya kabisa. Hakuna gari mtaani kwetu lenye taa zinazong'aa kama hizi."

Kijana hakubisha kwamba taa zilikuwa zinang'aa. "Zilikuwa zinawaka tangu kule juu, mzee. Lakini hazikubadilika. Mimi ningejuaje kwamba unasimama?"

Tulilisogeza gari mahali pasipo na mwanga, tukawasha taa zake. Askari mmoja aliketi kwenye usukani, mwingine akasimama nyuma hatua thelathini. Huyu wa nyuma akapaza sauti: "Kanyaga breki!" Wa ndani akajibu: "Nimekanyaga!" Wakarudia mara tatu, kila mmoja akidhani mwenzake hakusikia. Taa zilibaki zilezile, nyekundu na kali, bila kuongezeka wala kupungua.

Baiskeli nayo haikuwa na breki za kutosha kwa mzigo ule, na hilo tuliliandika kama tulivyoliona. Lakini kijana hakuwa ameota. Gari lile lilisimama bila kumwambia mtu aliye nyuma kwamba linasimama.

Tumeona inafaa tulieleze jambo hili kwa kirefu, kwa sababu gari la Kinanira si la pekee. Magari mengi tunayoyatumia yalikwisha kutumika kwingine, aghalabu Japani, yakapitia bandari ya Dar es Salaam kabla ya kutufikia. Hudumu kwetu miaka mingi. Taa zake za nyuma hupasuka, hufifia, au mwenye gari hutamani tu gari lake lifanane na toleo la baadaye. Hapo hununua taa za toleo jipya na kumkabidhi fundi. Hatuoni ubaya katika tamaa hiyo. Ubaya huanzia kwenye nyaya.

Turudi kwenye misingi kidogo. Katika gari la zamani, taa nyekundu ya nyuma hufanya kazi mbili kwa balbu moja yenye nyuzi mbili ndani yake. Uzi mdogo ni wa wati 5. Huo huwaka muda wote unapowasha taa za usiku, ili wengine wajue kwamba upo. Uzi mkubwa ni wa wati 21, nao huwaka unapokanyaga breki. Tofauti hiyo, ya zaidi ya mara nne kwa nguvu ya umeme, ndiyo ujumbe wenyewe. Jicho la mtu aliye nyuma halisomi wekundu wa taa, husoma badiliko. Ndiyo maana Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu mwendo wa barabarani unadai kwamba, pale taa ya breki inapochanganywa na taa ya usiku katika chombo kimoja, ya breki iwe na mwanga ulio mkali zaidi kwa namna iliyo dhahiri.

Land Cruiser 100 ilipoanza kuuzwa mwaka 1998 ilikuwa na balbu za namna hiyo. Mwaka 2005 kampuni ya Toyota iliibadilisha, ikaiwekea nyuma taa za LED, yaani zile za vidoa vingi vidogo vya mwanga visivyo na uzi wa kuungua. Umbo la gari ni lilelile, kwa hiyo watu wengi husadiki kwamba taa za mwaka 2005 zitaingia kwenye gari la mwaka 1999 kama mkono uingiavyo katika mfuko. Kuingia zinaweza kuingia. Lakini ndani ya taa ya LED kuna kifaa kidogo cha kielektroniki kinachopokea nyaya mbili tofauti, mmoja wa mwanga hafifu na mwingine wa mwanga mkali, na hakuna sababu ya kutarajia kwamba mpangilio wa plagi yake utalingana na wa plagi ya zamani.

Fundi wa gari la Kinanira hakuwa na mchoro. Alikuta nyaya zimezidi mahali pamoja na zimepungua pengine, akaamua kuukutanisha waya wa taa za usiku na waya wa breki, kisha akauelekeza muungano huo kwenye njia ya mwanga mkali. Akajaribu saa sita mchana. Kwa kuwa taa za usiku zilikuwa zimezimwa, alipokanyaga breki taa ziliwaka vizuri sana, akalipwa, akaenda zake. Usiku mambo yalikuwa mengine: taa zilipowashwa tu zilikuwa zimekwisha kufika ukomo wa nguvu yake, na breki haikuwa na kitu cha kuongeza.

Kulikuwa na dalili, na mwenye gari alikuwa ameiona. Alituambia kwamba tangu siku ile, kila akanyagapo breki mchana, taa za dashibodi huwaka na taa ndogo za mbele nazo huwaka. Alidhani ni urembo wa toleo jipya. Kumbe umeme wa breki ulikuwa ukirudi kinyumenyume katika njia ya taa za usiku kupitia muungano ule. Tunamwomba kila msomaji mwenye gari lililofanyiwa kazi ya nyaya alijaribu jambo hili leo hii: zima taa zote, kanyaga breki, tazama dashibodi. Kikiwaka chochote huko mbele ambacho hakikuwa kikiwaka zamani, nyuma kuna nyaya zilizokutana pasipostahili.

Kazi yenyewe, ikifanywa kwa subira, si ngumu. Fundi mwelekevu huanza kwa kufungua waya hasi wa betri. Kabla ya kugusa nyaya za gari, huiweka taa mpya mezani, akaipa umeme kutoka kwenye betri kupitia fyuzi ndogo, akajaribu pini moja baada ya nyingine na kuandika: hii ni hafifu, hii ni kali, hii ni ya indiketa, hii ni ya kurudi nyuma. Akumbuke kwamba balbu ya uzi haijali umeme unaingilia upande gani, lakini LED ikigeuziwa chanya na hasi haiwaki. Wengi wameirudisha dukani taa nzima wakidhani mbovu, kumbe walikuwa wameigeuza.

Baada ya hapo huzitambua nyaya za gari kwa taa ya kupimia, mwenzake akikanyaga breki na kuwasha indiketa. Asizitegemee rangi peke yake. Ni kweli kwamba katika magari ya Toyota waya mweupe wenye mstari mweusi ni ule wa masi, ambao wenzetu wa Tanzania huuita ethi, yaani waya unaourudisha umeme kwenye bodi. Lakini gari la miaka ishirini na zaidi limekwisha kupita katika mikono mingi, na si kila mkono uliokata waya uliurudishia rangi yake.

Ushauri wetu mkubwa katika sehemu hii ni kwamba nyaya za asili za gari zisikatwe. Fundi achukue plagi kutoka kwenye taa kuukuu na plagi inayolingana na taa mpya, atengeneze kipande kifupi cha nyaya cha kuziunganisha hizo mbili. Kosa likitokea, hurekebishwa katika kipande hicho, na siku mwenye gari akitaka kurudisha taa za zamani huchomoa na kuchomeka. Maungio yalehemiwe kwa risasi na kuvikwa mirija ya plastiki inayosinyaa kwa joto. Maungio ya kusokota kwa vidole na kuzungushia tepu, ambayo ndiyo tunayokutana nayo mara nyingi, hulegea kwa mtikisiko wa mawe ya barabara zetu. Na fyuzi ikiungua, itafutwe sababu. Kuondoa fyuzi ya ampea 10 na kuweka ya 30 ni kuzigeuza nyaya zenyewe ziwe fyuzi, na nyaya zikiungua huunguza gari.

Indiketa zina maradhi yake. Katika baadhi ya taa za toleo la baadaye indiketa bado ni balbu, na hapo hakuna tatizo. Pale ambapo nayo ni ya LED, hutumia umeme mdogo mno, na rilei ya zamani, iliyotengenezwa ili kuhisi balbu za wati 21, hudhani kwamba balbu imeungua. Huanza kumweka harakaharaka kama jicho lililoingiwa na mchanga. Mwendo wa kawaida ni kati ya mara 60 na 120 kwa dakika. Dawa inayouzwa sana mitaani ni kizuizi cha umeme cha omu 6, ambacho kazi yake ni kula umeme bure ili rilei iridhike. Kwa betri ya volti 12 kizuizi hicho hula wati 24 kila kinapowaka, na zote hugeuka joto. Tumeona kimoja kilichofungwa juu ya zulia la buti. Zulia lilikuwa na tundu la ukubwa wa kiganja. Kama hapana budi kitumike, kifungwe kwenye chuma kitupu, mbali na plastiki na nyaya nyingine. Lililo bora ni kununua rilei ya kielektroniki iliyotengenezwa kwa ajili ya LED, ambayo humweka kwa mwendo uleule bila kujali mzigo.

Ndugu zetu wa Gatumba tuwaongezee neno. Mafuriko ya Rusizi yaliyowakumba mwaka 2020 na miaka iliyofuata yaliingia ndani ya magari mengi kuliko yaliyohesabiwa. Maji yale yaliondoka, lakini kutu ya kijani iliyoachwa kwenye maungio ya masi haikuondoka. Masi ikiwa dhaifu, umeme hutafuta njia nyingine ya kurudi, na taa huanza kufanya vioja: unakanyaga breki, indiketa inawaka kidogo, unawasha indiketa, taa ya usiku inapepesa. Mtu huyu akinunua taa mpya, atafunga taa nzuri juu ya ugonjwa uleule. Kwanza asugue mahali masi inapofungwa kwenye bodi hadi chuma king'ae, akaze, apake grisi.

Sasa tuje kwenye jambo linalozihusu jamii za mpakani kuliko mtu mwingine yeyote. Burundi na Kongo huendesha kwa mkono wa kulia, Tanzania kwa mkono wa kushoto. Anayevuka Kobero kwenda Kabanga, au Mugina kwenda Manyovu, hubadili upande katika mita chache. Na magari yetu mengi, kwa kuwa yalitengenezwa kwa ajili ya Japani, yana usukani upande wa kulia ilhali sisi tunaendesha kulia. Dereva wa gari la namna hiyo akiwa nyuma ya lori katika mlima haoni kilicho mbele. Anaona matako ya lori tu. Anachokitegemea ni taa.

Madereva wa malori wana desturi, isiyokuwa sheria, ya kumjulisha kwa indiketa aliye nyuma kwamba apite au asubiri. Upande wa Tanzania, indiketa ya kushoto humaanisha pita, ya kulia humaanisha usithubutu. Kwetu sisi tunaoendesha kulia maana hugeuka. Hatuwashauri kuitegemea desturi hiyo hata kidogo, maana lori la Dar es Salaam likiwa Burundi huenda bado linazungumza Kitanzania. Lakini hebu fikirini, juu ya mkanganyiko huo, awepo fundi aliyebadilisha waya wa indiketa ya kulia na wa kushoto. Kosa hilo hutokea kwa wepesi, kwa sababu anayefunga taa amesimama akilitazama gari kwa nyuma na mwenzake ameketi ndani akitazama mbele, na neno "kulia" linaweza kuwapotezea maana wote wawili.

Kuna pia taa zilizotengenezwa kwa ajili ya nchi nyingine. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Marekani yanaruhusiwa kule kuwa na indiketa nyekundu nyuma. Kwetu mtu akiona wekundu unaomweka atadhani dereva anagusagusa breki. Na taa za magari ya Ulaya mara nyingi huwa na taa ya ukungu, nyekundu, yenye nguvu sawa na ya breki, iliyokusudiwa kuwashwa wakati wa ukungu mzito tu. Fundi asiyeijua huiunganisha na taa za usiku. Gari hilo huonekana daima kama limekanyaga breki. Wanaolifuata huumia macho, kisha huzoea, na siku breki inapokanyagwa kweli hakuna anayeshtuka.

Juu ya kununua, tutasema machache. Taa iliyouzwa kwa bei ya ajabu, imekatwa nyaya zake kwa kisu badala ya kuchomolewa plagi, huenda jana usiku ilikuwa kwenye gari la jirani yako. Dai stakabadhi yenye jina la muuzaji. Wengi katika miji ya Afrika Mashariki huchonga namba ya gari kwenye taa na vioo vyao. Ukikuta taa yenye alama ya namba iliyosuguliwa, iache ilipo na utupashe habari.

Na ukisimamishwa barabarani kwa sababu ya taa, shuka, mwombe askari akuoneshe kasoro, usimame naye nyuma ya gari huku mtu mwingine akikanyaga breki. Kasoro ya taa huonekana kwa macho. Si jambo la kubishania dirishani. Kama kuna faini, dai hati yake.

Tunaupendekeza kwenu mtihani tuliouandaa baada ya kisa cha Musaga. Ufanywe magharibi, mahali palipo wazi, na watu wawili. Washa taa za usiku kwanza na uziache zikiwaka, kwa sababu kosa la Kinanira halionekani bila hilo. Kisha kanyaga breki, achia, kanyaga. Kisha indiketa ya kila upande, breki ikiwa imekanyagwa na ikiwa haijakanyagwa. Kisha gia ya kurudi nyuma. Mwenye kutazama aanze karibu, mita 20, ahakikishe kwamba namba ya gari inasomeka kwa taa yake ndogo nyeupe. Aende hadi mita 150, gari lizimwe taa zote, na gari jingine limulike: vioo vyekundu vya kuakisi viitikie. Taa nyingi za bandia zinazouzwa hazina vioo hivyo kabisa, na gari lililozimikia njiani usiku halina ulinzi mwingine. Mwishowe, taa za usiku zionekane toka mita 300.

Mwenye gari wa Kinanira alizifunga upya taa zake kwa fundi mwingine, na gharama za matibabu ya kijana alizilipa mwenyewe kabla hatujamwambia neno. Tulipokwenda kulijaribu gari mbele ya nyumba yake, kijana alikuwapo, mkono ukiwa bado umefungwa shingoni. Alisema angependa kuwa yeye atakayesimama nyuma. Akahesabu hatua zake kwa sauti, akageuka, akatazama.

"Kanyaga, mzee."

Taa zikapanda kutoka wekundu hafifu hadi wekundu mkali.

"Naona," alisema. "Achia. Kanyaga tena." Kisha akaomba asogee mbali zaidi, hadi kwenye kona, tuanze upya.